Mchezo Usio na Mwamuzi: Kopo la Nne Juu ya Jabali la Singida

Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumzia malezi kwa njia ya nasaha. Wiki hii tunaomba ruhusa ya msomaji tuyazungumzie kwa njia ya mchezo, na kwa kisa kilichotufika sisi wenyewe mjini Singida katika likizo ya mwezi wa Juni. Ndani ya kisa hicho mtoto alikosea, na sisi wakubwa tulikuwa tumekwisha kukosea kabla yake.

Mchezo wenyewe na asili yake

Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, serikali ya Marekani, chini ya Rais Bill Clinton, iliondoa kizuizi kilichokuwa kikipotosha kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kingeweza kukosea mahali kwa kiasi cha mita mia moja. Baada ya hapo kosa lilipungua na kuwa la mita chache. Siku iliyofuata, Mei 3, Mmarekani aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatia ndani yake vitabu, vitu vidogo vidogo na manati, kisha akawatangazia wenzake latitudo na longitudo ya mahali pale. Sharti lake lilikuwa jepesi: atakayeiona achukue kitu na aache kitu. Hazikupita siku tatu ila watu wawili walikuwa wamekwisha kuifikia.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo unaoitwa jiokashingi, yaani kusaka vilivyofichwa kwa msaada wa setilaiti. Leo makopo na masanduku ya aina hiyo yaliyofichwa duniani yamepita milioni tatu. Ndani ya kila kopo kuna daftari dogo au kipande cha karatasi. Mchezaji akilifikia huandika jina lake na tarehe, hulirudisha kopo pale pale alipolikuta, kisha huenda zake.

Mchezo huu hauna mwamuzi, wala filimbi, wala kombe la dunia. Anayedai kuwa amefika kileleni hali hakutoka nyumbani, mara nyingi hapatikani mtu wa kumkanusha isipokuwa lile daftari. Na wapo wanaofanya hivyo. Wapo wanaodai makopo ambayo hawakuyagusa, na wapo ambao wakishindwa kulipata kopo huweka jingine jipya mahali hapo na kujihesabia kuwa wamelipata. Wachezaji waadilifu huyachukia mambo hayo, ingawa hakuna pato lolote linaloibiwa. Wanajua kuwa katika mchezo usio na zawadi, mtu anayedanganya hana wa kumpunja isipokuwa nafsi yake.

Nchi iliyoumbwa kwa maficho

Aliyefika Singida atakubaliana nasi kwamba nchi ile imeumbwa kwa mchezo kama huu. Majabali yamepandana juu ya majabali, kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na kati yake kuna nyufa, mapango madogo na vivuli. Mji umekaa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mwezi wa Juni mvua zimekwisha, majani yamekauka, alizeti imevunwa, na upepo unavuma tangu asubuhi hadi jioni.

Wala wazo la kuacha kitu porini bila mlinzi si geni katika mkoa ule. Warina asali wa Manyoni na Itigi hutundika mizinga yao mitini, mbali na nyumba, wakairudia baada ya miezi. Kinachoulinda mzinga ni jambo ambalo kila mwenye adabu analijua: mzinga usio wako huugusi. Asiyeiheshimu kanuni hiyo anaweza kuondoka na asali, lakini ameondoka pia na jina jingine.

Tulipokwenda kumjulia hali kaka yetu, tukawakuta watoto wake wawili, mvulana wa miaka 13 na dada yake wa miaka 10, wameikabidhi likizo yao kwa simu. Tukasema, ikiwa simu haiepukiki, basi na iwatoe nje. Tulichukua makopo manne matupu ya maziwa, tukatia katika kila moja daftari na kalamu ya risasi, tukaomba ruhusa kwa wenye mashamba, kisha tukayaficha kwenye majabali yaliyo upande wa Ziwa Kindai. Mzee mmoja alituona tukichungulia nyufani, akatuuliza kwa upole kama na sisi tunatafuta mali ya Mjerumani. Tulipomweleza akacheka, akasema afadhali watoto wasake makopo kuliko watu wazima wanaochimba mashimo kutafuta dhahabu ambayo hawakuiweka.

Kila mtoto alipewa karatasi yenye namba za mahali pa makopo manne, na kila mmoja akapewa siku yake. Sisi tulikaa njiani chini ya mti, umbali wa kuitana, tusipoweza kuwaona. Akilipata kopo, aandike jina lake katika daftari lililomo, na aandike pia kwenye karatasi yake. Kisha tukaongeza jambo ambalo hatukuombwa: tulitangaza kuwa atakayeyapata yote manne atapewa mpira mpya wa miguu.

Karatasi mbili

Jioni ya siku ya pili, baada ya swala ya Isha, karatasi zilisomwa mbele ya jamaa wote. Binti aliandika kwamba amepata matatu, na juu ya la nne akaandika: nimeliona, sijalifikia. Kaka yake aliandika kuwa amepata yote manne. Alishangiliwa, akapigwa makofi, tukamkabidhi mpira kwa mikono yetu. Dada yake naye alifurahi kwa dhati, akamwuliza: "Kaka, lile la nne ulipandia upande gani?" Mvulana akajibu kwamba amesahau.

Alfajiri iliyofuata tulikwenda kuyakusanya makopo. Madaftari matatu yalikuwa na majina mawili mawili. Daftari la kopo la nne lilikuwa jeupe.

Tulikaa juu ya jabali lile kwa muda, upepo ukitupiga, tukitafakari la kufanya. Mpira ulikuwa umetolewa hadharani. Mtoto mkweli amekwenda kulala mikono mitupu, na mwenzake amelala na zawadi. Tukinyamaza, tutakuwa tumewafundisha wote wawili somo ambalo hakuna mzazi anayelitaka. Tukimfedhehesha mvulana mbele ya jamaa, tutamfundisha kuogopa macho ya watu, naye kilichomponza tangu awali ni macho hayo hayo ya watu.

Tulimwita faraghani, tukamwonesha daftari. Hakukana. Alisema: "Baba mdogo, kopo niliona kwa macho yangu. Kuona si ndiyo kupata?" Tukamwambia kuwa mchezo huu haumwiti aliyeona kuwa amepata, mpaka jina lake liwemo ndani ya daftari. Akanyamaza, kisha akasema: "Niliogopa kupanda. Ningesema siwezi, wangenicheka."

Makosa yaliyotangulia

Maneno yale yaliturudisha kwetu wenyewe, tukahesabu makosa matatu.

La kwanza, kopo la nne tuliliweka katika ufa wa jabali lenye kimo cha kuipita nyumba, bila kumwambia yeyote kuwa kupanda pale ni kugumu. Wenye mchezo huu hulipa kila kopo daraja mbili, za tangu 1 hadi 5: moja ya ugumu wa kulitafuta, na moja ya ugumu wa njia. Mchezaji husoma kwanza, kisha huamua. Kwao kuandika kuwa umetafuta na hukupata si aibu. Ni habari ya kawaida, na humsaidia anayekuja nyuma. Sisi tulimnyima mtoto nafasi ya kusema kwa heshima kwamba jambo hili linapita uwezo wangu wa leo.

Tukakumbuka jambo lililopokewa katika Hadithi sahihi kuhusu mashindano ya farasi aliyoyaandaa Mtume, rehema na amani zimshukie, mjini Madina. Farasi waliozoezwa na kutayarishwa walikimbizwa masafa marefu, tangu Al-Hafya hadi Thaniyatul-Wadaa. Ambao hawakutayarishwa walipangiwa masafa mafupi, tangu Thaniyatul-Wadaa hadi msikiti wa Banu Zuraiq. Kila kundi lilipewa njia inayolingana na maandalizi yake, na kwa hiyo kila mshindi alikuwa mshindi wa kweli. Na inafahamika pia kuwa Mtume alishindana mbio na Mama Aisha, mara ya kwanza akashinda Aisha, na mara nyingine, baada ya muda kupita, akashinda Mtume. Kushindwa hakukuwa aibu katika nyumba ile.

Kosa la pili ni mpira. Mchezo ambao thawabu yake ni kufika, sisi tuliutia bei. Mara tu bei ilipoingia, swali la mtoto likageuka. Hakujiuliza tena kama amefika, alijiuliza kama atapewa.

La tatu, tulimsifu kabla ya kuhakikisha. Sifa ya haraka ni mzigo. Mtoto aliyekwisha kupigiwa makofi kwa jambo asilolifanya, mlango wa kurudi humwia mwembamba sana.

Sehemu tatu za mia za sekunde

Mkoa huo huo wa Singida umetoa mfano mkubwa wa mtu kupambana na kipimo chake. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huo, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata medali ya shaba ya dunia mjini London mwaka 2017, na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akawa wa 17. Wengi wangeona kuwa zama zake zimekwisha. Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros walifika utepeni kwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha ya mwisho isomwe ili ibainike kuwa Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania ikapata kwa mara ya kwanza bingwa wa dunia wa riadha.

Tuliwasimulia watoto habari hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba aliyekuwa wa 17 mwaka mmoja alikuwa wa kwanza mwaka uliofuata, na nafasi ile ya 17 haikufutwa popote. Imeandikwa kama ilivyo, na ndiyo inayoupa ushindi wa baadaye uzito wake. Ya pili, kwamba kule Tokyo ilikuwepo kamera ya kupambanua hata upana wa kifua. Juu ya jabali la Kindai haikuwepo kamera. Pale mtu huwa peke yake na Mola wake, na kalamu ya risasi.

Kwa wazazi watakaojaribu

Anayetaka kuwaandalia wanawe mchezo huu hahitaji gharama kubwa. Simu moja yenye GPS itawafikisha mita chache karibu na kopo, na zilizobaki ni kazi ya macho. Ombeni ruhusa ya mwenye ardhi. Msifukie kitu ardhini, wala msifiche karibu na shule, ofisi za serikali, reli au nyumba za ibada, mahali ambapo kopo lisilojulikana linaweza kuwatia watu hofu. Waonyeni watoto wasitie mkono katika ufa kabla ya kuchungulia kwa fimbo, kwa kuwa nyoka naye hupenda maficho hayo hayo. Mwambieni mtoto mapema ni kopo gani jepesi na lipi gumu. Mpeni mahali pa kuandika sikulipata, na mumpongeze kwa kuliandika.

Tumalizie kisa chetu. Hatukumnyang'anya mvulana mpira. Tulimwambia kuwa sisi pia tumekosea, tukamtajia yale makosa matatu, na tukamwachia jambo lake mkononi mwake. Siku mbili mpira haukuchezwa. Siku ya tatu tuliukuta juu ya meza yetu, na chini yake karatasi yake. Neno aliloandika mwanzo juu ya kopo la nne lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na mbele yake ameandika: nililiona, sikupanda. Jioni ile alimwambia dada yake mwenyewe, bila sisi kuwepo. Mpira sasa ni wa wote wawili.

Tulipokuwa tukiaga alituomba jambo moja: kopo la nne lisiteremshwe. Tumekubali liendelee kukaa ufani, kwa sharti kwamba siku atakayopanda jabali liwe kavu, na sisi tuwe tumesimama chini yake.