Kulinganisha Tarehe Katika JavaScript

Katika JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliiunda mwaka 1995 akiwa katika kampuni ya Netscape na ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya kurasa za intaneti, tarehe haihifadhiwi kama siku, mwezi na mwaka, bali kama namba moja tu, yaani idadi ya milisekunde, au sehemu za elfu za sekunde, zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa ziitwazo UTC. Namba hiyo hubebwa na kitu kinachoitwa Date, na maandishi ya "10 Machi 2024" yanayotokea kwenye skrini ni tafsiri yake inayofanywa kwa kufuata saa za mahali kompyuta ilipo. Mwandishi wa programu anayelisahau jambo hili hudhani ameshika siku ya kalenda, ilhali alichokishika ni nukta ya wakati, na hapo ndipo ulinganishaji unapoharibika.

Alama za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" hazina tatizo, kwa sababu lugha ikikutana nazo huzigeuza Date zote mbili kuwa namba kabla ya kuzipima. Alama ya usawa haifanyi hivyo. Yenyewe huuliza tu kama kilicho kushoto na kilicho kulia ni kitu kimoja na kilekile katika kumbukumbu ya kompyuta, mithili ya karani anayekataa kwamba noti mbili za shilingi elfu kumi zina thamani moja kwa kuwa namba zake za mfululizo zinatofautiana. Kwa sababu hiyo Date mbili zenye milisekunde zilezile, lakini zilizoundwa kila moja peke yake, hujibiwa kuwa si sawa, japokuwa lugha hiyohiyo hukubali kwamba ya kwanza si kubwa kuliko ya pili wala si ndogo kuliko hiyo. Dawa yake ni fupi: kila Date iulizwe namba yake kwa amri ya getTime, kisha namba ndizo zilinganishwe.

Hatari zaidi ni pale tarehe inapopokewa kama maandishi. Maandishi "2024-03-10" husomwa kuwa mwanzo wa siku hiyo kwa UTC, lakini yakiongezewa saa, yakawa "2024-03-10T00:00", husomwa kuwa mwanzo wa siku kwa saa za mahali, na kwa Afrika Mashariki nukta hizo mbili hupishana kwa saa 3. Mtindo wa kutanguliza siku, uliozoeleka Kenya na Tanzania, una balaa lake: "10/03/2024" vivinjari huusoma Kimarekani, ikawa tarehe 3 Oktoba, na "25/03/2024" hukosa maana kabisa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Tarehe isiyo na maana haisimamishi programu. Kila inapopimwa kuwa kubwa au ndogo kuliko nyingine jibu huwa "hapana", na programu huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna kosa moja linalostahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa linawahusu hasa watu wa ukanda huu. Wengi, wakitaka kujua kama matukio mawili yalikuwa ya siku moja, huigeuza kila Date kuwa maandishi kwa amri ya toISOString, kisha hukata herufi 10 za mwanzo na kuzilinganisha. Amri hiyo hutoa saa za UTC daima. Kwa hiyo mauzo yaliyofanyika Mwanza saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi huandikwa kuwa ya tarehe 9, kwa kuwa wakati huo UTC ilikuwa bado saa 5 usiku wa siku iliyotangulia. Kosa hutokea kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku tu, na kwa kuwa programu hujaribiwa mchana, linaweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa, hadi hesabu za siku zikatae kulingana.

Kuhesabu siku kwa kugawanya tofauti ya milisekunde kwa 86,400,000 nako hufanya kazi vizuri Nairobi, ambako saa hazibadilishwi, lakini hushindwa Ujerumani, ambako tarehe 31 Machi 2024 ilikuwa na saa 23 tu baada ya saa kusogezwa mbele. Ni salama zaidi kuipitisha kila tarehe katika Date.UTC, kwa mwaka, mwezi na siku yake, kabla ya kutoa na kugawanya, ikikumbukwa kwamba Januari katika lugha hii huhesabiwa kuwa mwezi wa 0.

Kasoro hizi nyingi haziwezi kuondolewa katika Date yenyewe bila kuvunja kurasa zinazoitegemea. Ndiyo maana umeundwa mfumo mpya uitwao Temporal, ambao Firefox iliupokea mwaka 2025, na ambao kwa haki kabisa umetenga PlainDate, siku ya kalenda isiyo na saa, na Instant, nukta ya wakati. Humo usawa huulizwa kwa amri ya equals, utangulizi kwa amri ya compare, na anayejaribu kutumia alama ya "kubwa kuliko" husimamishwa papo hapo kwa ujumbe wa kosa.