Mgonjwa wetu akisafiri, tutambadilishia nepi wapi?

Sisi ni walimu wa kujitolea. Mwezi huu hatutazungumza juu ya mitihani wala madaftari ya watoto. Tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi hapa Nakivale zinalijua, lakini hakuna anayependa kulisema kwa sauti. Ni habari ya mtu mzima anayevaa nepi, au pampasi kama wengi tunavyoita, na safari.

Ya mtoto mchanga ni rahisi. Mama anamlaza mapajani ndani ya basi, anambadilisha, abiria wanatazama dirishani na safari inaendelea. Sasa babu wa kilo 70 utamlaza wapi?

Yaliyotupata sisi wenyewe

Mwaka jana tulimpeleka Babu yetu hospitali Kampala. Babu alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na mkojo haumngoji tena. Tuliondoka kambini saa kumi alfajiri, wajukuu wawili na Babu, tukafika Mbarara tukapanda basi. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita 270 hivi. Tulikuwa tumefikiria nauli, barua ya daktari na kitambulisho cha ukimbizi. Mahali pa kumbadilishia hatukupafikiria hata kidogo. Tulisema tu, Mungu atasaidia.

Tulipopita Lyantonde harufu ikaanza. Abiria wa mbele akafungua dirisha. Babu akainamisha kichwa akajifanya amelala. Basi liliposimama Lukaya, pale wauzaji wanapokimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, tukamshusha mbiombio tukampeleka kwenye choo cha nyuma ya hoteli moja. Kumbe ni choo cha shimo, chembamba, chini maji tupu, mlango haufungi. Mmoja akamshika Babu kwa kwapa, mwingine akainama kumvua, na kitenge tukakishika kwa meno ili kiwe pazia. Nje watu wanagonga. Kondakta anapiga kelele, tunaachwa! Hatukumaliza kumsafisha. Tulimfunga hivyo hivyo tukarudi garini.

Babu alisema neno moja tu: "Wajukuu zangu, mimi nimelea watoto tisa. Leo nimevuliwa nguo njiani kama mwizi." Hakusema tena mpaka Kampala.

Daktari alipomwangalia akauliza, mbona mzee amekauka hivi? Ndipo tukajua kwamba Babu hakunywa maji tangu jana yake mchana. Alijinyima makusudi ili asitusumbue. Akapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi miwili. Tulipofika nyumbani akatuambia wazi: "Siendi tena. Heri nifie hapa chini ya turubai langu."

Hapo ndipo tuliposhtuka. Mzee hakuwa anakataa dawa. Alikuwa anakataa aibu. Na sisi ndio tuliomwingiza kwenye aibu ile kwa kutojipanga.

Tulikwenda kuuliza

Hatukuona haya. Tulimwendea mama mmoja ambaye mume wake alipigwa risasi ya mgongo huko kwetu Kongo, naye amesafiri naye miaka mingi. Tukamwuliza na muuguzi. Haya ndiyo tuliyojifunza, na mengine tuliyajua kwa kuyafanya.

Kwanza, usimkataze maji. Mkojo ukikosa maji unakuwa mkali, unachoma ngozi na kibofu, na choo kikubwa kinakuwa kigumu. Tena ni rahisi kupata ugonjwa wa njia ya mkojo. Mpe maji kidogo kidogo njia nzima. Kama anatumia dawa za presha za kumfanya akojoe, mwulize daktari siku ya safari azinywe saa ngapi. Usiziache kwa akili yako.

Pili, hesabu vituo kabla ya kupanda gari. Nepi isipite saa tatu au nne hivi bila kuangaliwa, na kama amejisaidia choo kikubwa abadilishwe mapema iwezekanavyo. Mbadilishe nyumbani dakika ya mwisho kabla ya kutoka. Halafu jiulize: Mbarara ni wapi? Masaka ni wapi? Usingoje harufu ndiyo ikuambie.

Tatu, ongea na kondakta mapema, kabla ya kulipa. Mwambie kwa sauti ya chini, "Tuna mgonjwa, tutahitaji dakika kumi na tano mahali fulani." Akikataa, basi tafuteni gari lingine mkiwa bado chini. Omba kiti cha mbele karibu na mlango.

Mahali panapofaa

Chooni ndipo watu wengi wanapokimbilia, na mara nyingi ndipo pabaya zaidi. Mtu asiyeweza kusimama anahitaji kulala. Kwa hiyo tafuta kitanda, benchi pana au sakafu kavu yenye mlango.

Kituo cha afya au hospitali. Kina kitanda cha kupimia, kina maji, na muuguzi hashangai. Mbarara na Masaka zote zina hospitali za rufaa za mkoa, na vituo vidogo viko njiani. Ingia kwa heshima, eleza shida, omba dakika 20. Ukiambiwa hakuna nafasi, shukuru uende kwingine.

Loji au nyumba ya wageni. Wengine watakukodishia chumba kwa saa moja kwa bei ya chini kuliko ya usiku. Sema ukweli kwamba ni mgonjwa, uonyeshe turubai utakalotandika juu ya godoro ili wasiogope kuchafuliwa.

Kanisa au msikiti. Si ndani ya ibada, hapana. Lakini pana chumba cha pembeni, ofisi au nyumba ya mlinzi. Mwombe mlinzi au mzee wa pale.

Kituo cha mafuta. Vile vikubwa vya barabara kuu mara nyingi vina choo kisafi chenye mlango unaofungwa. Kinamfaa mgonjwa anayeweza kusimama na kushika ukuta.

Ndani ya gari lenyewe. Kama mmekodi gari, kiti cha nyuma kinatosha. Funikeni madirisha kwa vitenge, dereva ashuke.

Pasipofaa ni porini kando ya barabara penye magari, na nyuma ya vibanda vya chakula cha watu.

Mfuko wa safari

Sisi tunabeba nepi za kutosha safari na mbili za akiba. Kama hakuna pesa za nepi za dukani, vipande vya pamba safi vilivyokunjwa vinafaa, na juu yake mfuko wa nailoni usiobana. Vikirudi vinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Ongeza kipande cha turubai cha kulalia, vitenge viwili, kidumu kidogo cha maji, sabuni, kitambaa laini, mafuta ya mgando, suruali ya pili, na makavera ya kufungia uchafu. Nepi iliyotumika usiitupe ndani ya choo cha shimo, inakijaza. Usiitupe porini, mbwa wataileta barabarani. Ifunge kwenye kavera mara mbili, uitupe kwenye pipa la taka.

Namna ya kufanya

Usimwinue mgonjwa kwa nguvu peke yako, utaumia mgongo naye ataanguka. Mlaze, mgeuze ubavu mmoja, sukuma nepi chafu chini ya mwili ikiwa imekunjwa, weka mpya nyuma yake, kisha mgeuze ubavu wa pili uivute. Msafishe kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, hasa mama. Mkaushe vizuri kabla ya kupaka mafuta kidogo. Tazama mifupa ya nyonga na mkia. Ukiona wekundu usioondoka ukiubonyeza, hicho ni kidonda kinachoanza; mwonyeshe muuguzi. Ndani ya gari msaidie kusogea mara kwa mara. Ukimaliza nawa kwa sabuni.

Na muda wote mfunike. Fungua sehemu unayosafisha tu. Mwambie unachofanya: "Babu, sasa tunageuka." Usiongee na mwenzako juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Nani ambadilishe? Hapa mila zetu zina uzito. Mkwe hawezi kumvua baba mkwe, na mtoto wa kiume anaona vigumu kwa mama yake. Zungumzeni nyumbani kabla ya safari, mwulizeni mgonjwa mwenyewe anamtaka nani. Babu alituchagua sisi, akasema mjukuu ni rafiki wa babu, hana siri naye.

Usilifiche kwa daktari

Kuna wengine ambao nepi si ya maisha yote. Mama anayevuja mkojo tangu uzazi mgumu, au tangu alipofanyiwa ukatili wa vita, huenda ana fistula, na fistula nyingi zinatibika kwa upasuaji. Hospitali ya Panzi iliyoko Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu wanawake wengi sana wenye shida hiyo, naye akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Hapa Uganda pia upasuaji wa fistula unafanyika. Si laana wala uchawi. Mzee anayevuja anaweza kuwa na tezi dume. Na mtu akianza kuvuja ghafla, au miguu ikafa ganzi pamoja na hilo, apelekwe haraka.

Familia zinazongoja kuhamia nchi ya tatu, semeni mapema. Kabla ya safari mnapimwa afya na watu wa IOM. Hapo ndipo pa kueleza kwamba mgonjwa anavaa nepi na hawezi kusimama, ili msaada upangwe. Choo cha ndege ni chembamba kuliko hata kile cha Lukaya!

Wenzetu wamefika wapi

Tusidhani tunaomba makubwa. Uingereza mwaka 2006 familia za walemavu na mashirika yao walianzisha kampeni inayoitwa Changing Places. Walisema choo cha kawaida cha walemavu hakitoshi. Wakadai chumba chenye kitanda cha mtu mzima, mashine ya kumwinua, pazia, na nafasi ya wasaidizi wawili. Kuanzia mwaka 2021 majengo mapya makubwa ya umma huko England yanatakiwa kuwa na chumba hicho. Walianza kwa kulalamika kama sisi.

Na Uganda ilikubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akiomba mahali pa siri pa kumbadilishia mgonjwa wake, haombi sadaka.

Hatuna mashine, sawa. Lakini pale tunapongojea magari ya alfajiri, na pale pa kungojea majina kuitwa, benchi moja pana, pazia na ndoo ya maji vinawezekana. Tunawaomba viongozi wa vijiji na zoni walipeleke jambo hili kwenye mikutano yenu. Vijana wa shule tuko tayari kupigilia misumari.

Babu alirudi?

Alirudi. Tulikaa naye jioni moja tukamwomba msamaha, tukamwonyesha mpango wote kwenye karatasi. Alisoma kimya. Akauliza, "Na pazia nani anashika?" Tukajua amekubali.

Safari ya pili tuliikata vipande viwili. Tulishuka Masaka, tukakodi chumba cha loji saa moja, tukamlaza, tukamsafisha vizuri, akanywa chai na kula mkate wake. Kisha tukapanda gari lingine. Nauli iliongezeka, hatudanganyi. Ilitubidi tuweke akiba ya posho wiki tano. Lakini Babu alifika Kampala ameketi wima, akamsalimia daktari yeye mwenyewe, tena akaanza kumsimulia habari za Fizi.

Wewe msomaji unayejua mahali pazuri kwenye barabara hii, loji yenye huruma, kituo chenye kitanda, mlinzi wa kanisa asiyefukuza watu, tuletee jina lake shuleni, mlango wa walimu. Tutayakusanya tuyachape hapa ili anayesafiri mwezi ujao asianze na kitenge mdomoni kama sisi.