Pikipiki ya Marehemu Baba Yapata Miguu Mipya

WAHENGA walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ilinijia Jumamosi moja asubuhi nikiwa nimesimama kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, miguu ikinitetemeka.

Matatu ilikuwa imesimama ghafla mbele yangu kuchukua abiria. Nilipobana breki, pikipiki iliinama mbele kama mtu aliyejikwaa, ikaruka juu, kisha ikainama tena. Niliponea chupuchupu.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam ya cc 125. Marehemu baba aliinunua mwaka wa 1964 kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi Uingereza. Ndiyo iliyompeleka kazini mjini kila siku, na ndiyo iliyonipeleka mimi hospitalini usiku niliposhikwa na malaria nikiwa mtoto. Kwa miaka mingi ilikaa imefunikwa gunia nyuma ya nyumba yetu Kawangware.

Sasa binti yangu, ambaye ni mwanafunzi wa uhandisi, anaitaka. "Baba, ukinikataza kuiendesha, basi iuze," aliniambia siku moja. Kuiuza siwezi. Lakini baada ya kisa cha Dagoretti Corner, ningempaje mtoto wangu ufunguo?

Kasoro ya kuzaliwa

Mpenzi msomaji, huenda ukadhani kwamba uzee ndio ulioiponza pikipiki hiyo. La hasha! Bantam ilianza kuuzwa mwaka wa 1948, na muundo wake ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT125, ambayo Waingereza waliipata kama fidia ya Vita Vikuu vya Pili. Hata Yamaha walipotoa pikipiki yao ya kwanza mwaka wa 1955, waliiga hiyo hiyo ya Kijerumani.

Ilikuwa rahisi na imara, lakini uma wake wa mbele katika matoleo ya kwanza ulikuwa na springi na grisi tu. Haukuwa na mafuta ya kutuliza springi. Waingereza wenyewe waliirekebisha kasoro hiyo baadaye, walipotoa Bantam aina ya D7. Wajerumani wa BMW walikuwa wamewatangulia kwa miaka mingi, kwani R12 yao ya mwaka wa 1935 ilikuwa na mafuta ndani ya uma.

Mafuta hayo yana kazi gani? Springi ikibanwa na shimo la barabarani, huhifadhi nguvu kisha huirudisha yote, na pikipiki hurukaruka kama mpira. Mafuta yakilazimika kupita kwenye vitundu vidogo ndani ya mrija, huipunguza nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto. Gurudumu hurudi chini taratibu na kuishika barabara. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Safari ya Grogan

Tulishuka mjini hadi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado twaiita Grogan. Huko vipuri vya bodaboda vimejaa hadi kwenye vijia vya miguu. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, hakuna kipuri rahisi kupata kama uma wa pikipiki ya Kihindi.

Binti yangu aliushika mmoja uliong'aa. "Baba, huu hapa. Tunafunga leo leo."

Kwa bahati njema tulikuwa tumeandamana na fundi mmoja mzee wa jua kali kutoka Dagoretti. Aliuchukua ule uma, akaugeuzageuza, kisha akamwuliza, "Binti yangu, gurudumu lako la zamani litaingiaje hapa? Na sahani ya breki itashikwa na nini?"

Binti alinyamaza.

"Breki ya ngoma isiposhikwa," mzee akaendelea, "ukiibana, sahani yote huzunguka pamoja na gurudumu, inakata waya na kukutupa. Uma, gurudumu, ekseli na breki ni jamaa moja. Ukimchukua mmoja, chukua wote."

Basi tulinunua vyote pamoja, na mabano yake ya juu na ya chini.

Hesabu za fundi

Kazi ilichukua siku nne. Kwanza mzee alipima kimo cha usukani kutoka ardhini kabla hajafungua nati hata moja. Alieleza kwamba mbele ikiinuka kuliko ilivyokuwa, pikipiki huwa nzito kupinda kona. Ikishuka, usukani huwa mwepesi mno na huweza kutikisika ukiwa mbioni.

Pili, mhimili wa usukani wa uma mpya haukulingana na shingo ya Bantam. Kijana mmoja wa Kawangware mwenye mashine ya kukereza chuma alitengeneza pete za kukalia beringi. Mzee alikataa katakata kuikata fremu wala kuichomelea. "Fremu ni uti wa mgongo," alisema. Gololi za zamani zilikuwa zimechimba vishimo katika vikombe vyake, kwa hivyo tukaweka beringi mpya.

Tatu, alimwaga mafuta yaliyokuwemo na kuweka mapya, kiasi sawa kila mguu, akikipima kwa bomba la sindano. Miguu ikitofautiana, alisema, uma hujipinda.

Mwisho akafunga uzi kwenye mrija na kumwambia binti aketi kitini. Uzi ulisogea ukaonyesha springi zimebonyea kiasi gani kwa uzito wake. Mzee alitaka ziwe zimebonyea kati ya robo na theluthi ya safari yote ya uma. Zikibonyea zaidi, hazibakishi nafasi ya kumeza mashimo. Zikibonyea kidogo mno, mwendeshaji hurushwa. Alipandisha mirija kidogo katika mabano, kimo kikarudi kilipokuwa.

Ya kale hayatupwi

Je, uma wa marehemu ulienda wapi? Tuliupaka grisi, tukaufunga kwa gazeti na kuuhifadhi sandukuni pamoja na gurudumu lake. Binti ana ndoto ya kuipeleka Bantam kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo yalianzishwa mwaka wa 1970 na hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Siku hiyo ikifika, tutairudishia miguu yake ya asili, kwani hatukukata kitu.

Jumapili iliyofuata niliipanda tena mpaka Dagoretti Corner. Nilibana breki pale pale. Mbele iliinama polepole, ikatulia. Nilirudi nyumbani nikamkuta binti langoni, kofia ya chuma ikiwa tayari kichwani. Nilimtazama, nikamkumbuka baba, kisha nikampa ufunguo.

"Endesha polepole, mama," nikamwambia. "Uma ni mpya, lakini breki ya nyuma bado ni ya babu yako."