Kioo ya Buti Haidungwi Chap Chap

Wasee wenye mnaendesha Forester, hii rada ni yenu. Kioo ya mbele ikigongwa na mawe inachorekanga ufa tu, ju hio ni vioo mbili na plastiki katikati. Ya nyuma ni mchezo ingine. Ilichomwa kwa tanuri zaidi ya digrii 600, halafu ikapulizwa hewa baridi ghafla, so ngozi yake ya nje imejikaza. Igonge vibaya kwa kona na yote inamwagika kama mahindi imepukuchwa. Hakuna kuziba ufa hapo. Na fundi akikushow atakata kioo ya ndae ingine iingie kwa yako, hepa. Kioo ya hivo ikishatoka kwa moto haikatwi wala haitobolewi.

Usizoee kutembeza dinga ikiwa wazi nyuma. SUV iko na mgongo imesimama, na ukikanyagia hewa huvuta moshi ya ekzosi hadi ndani. Wenye hukaa huko nyuma ni watoi wetu, buda. Ka uko na bima kubwa, piga simu mapema uulize ka inalipia kioo ya nyuma na ni hadi pesa ngapi.

Ukifika Grogan, pale Kirinyaga Road, usiseme "Forester" ukanyamaza. SH5 na SJ5 haziingiliani kioo, so beba namba ya chesis. Ex-Japan iko fiti ka kingo zake hazijamegeka. Cheki laini za hita, cheki na vile vichuma vya kushika waya. Mimi siwezi toa ganji yangu kwa kioo haina hita. Pitia Limuru mwezi wa saba, mangware, ukungu imefunga barabara, alafu ujaribu kuona lori yenye iko nyuma yako.

Sasa gundi. Hapa ndio huniumanga roho, ju kuna mafundi wako na mikono safi na bado wanadunga silikoni ya madirisha ya keja. Silikoni inazuia maji, lakini haibebi kioo ya gari. Itisha yurethani, soma tarehe kwa tyubu, na usimame hapo uone akipaka praima kwa ule mkanda mweusi wa pembeni. Huo mkanda hukinga gundi isiliwe na jua. Kabla afunge, avute chembe zote zenye zilianguka ndani ya mlango wa buti.

Masaa ya kukauka imeandikwa kwa tyubu. Zingine ni masaa kadhaa, zingine hadi kesho. Hio siku shusha dirisha kidogo na usibamize mlango, ju hewa ikibanwa ndani inasukuma kioo gundi ikiwa bado laini. Kuosha na presha ingoje. Tinti pia ingoje, na siku ingine ukitaka kuitoa, msee asikwarue na wembe. Laini za hita ziko upande wa ndani, palepale wembe hupita. Mshow atumie mvuke.