Afya ya Akili: Tupime na Stadi, Si Dalili Tu



Siku ya kliniki kila mama anajua kazi ya mizani. Mtoto aliyepungua huenda ameharisha, huenda ameugua malaria, huenda nyumbani anakula uji mtupu. Mizani haiulizi jina la ugonjwa. Inaonyesha kama mtoto anakua, na mstari kwenye kadi unatuambia kama tunachomfanyia kinamsaidia. Mwezi huu tunauliza: je, kwa mtu mwenye shida ya akili tunayo mizani ya namna hiyo?

Majina mengi, pengo moja

Tunakumbuka msiba wa Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi lilipoungua na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Hatutaki kuwasemea waliofiwa. Lakini kazi yetu imetufundisha kwamba pigo la namna hiyo huwaangukia watu kwa njia tofauti. Mmoja hupata sonona: hali, halali, hana hamu ya lolote. Wa pili hushtuka kila anaposikia harufu ya moshi. Wa tatu huja zahanati kila wiki akilalamika kichwa na moyo kwenda mbio, na vipimo havionyeshi kitu. Wa nne hukimbilia kilabuni.

Waganga huyapa magonjwa hayo majina mbalimbali, na ndivyo ipasavyo, maana matibabu yake hutofautiana. Hata hivyo, ukikaa na wagonjwa hao utaona wengi wana pengo moja: hofu au huzuni ikiwajia, hawajui la kufanya. Kuutuliza mwili, kulitaja jambo linalouma, kuligawa tatizo kubwa liwe madogo, kuomba msaada: hizo ni stadi. Hakuna anayezaliwa nazo. Hufundishwa kama kupika na kulima.

Vipimo vilivyopo

Vipimo vingi huhesabu dalili. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya maswali 20 ya ndiyo au hapana: Je, unaumwa kichwa mara kwa mara? Je, unalala vibaya? Ni maswali mazuri, lakini yanapima mzigo tu, hayapimi mgongo unaoubeba.

Mwaka 2010 watafiti wa Seattle, Marekani, akiwemo Marsha Linehan, walitoa orodha ya mambo 59. Mtu huulizwa: katika mwezi uliopita, ulipopatwa na msongo, ulifanya hili mara ngapi? Mambo 38 ni ya stadi njema. 21 ni njia zisizosaidia, kama kuwatupia wengine lawama. Orodha haitaji somo lolote, hivyo hata ambaye hajafundishwa anaweza kujibu. Mafunzo ya Linehan yalianza kwa ajili ya watu wanaojidhuru mara kwa mara. Mwaka 2014 yalijaribiwa kwa watu wenye sonona na wasiwasi. Waliofundishwa walizitumia stadi zaidi na wasiwasi wao ukapungua zaidi kuliko wa kundi la kulinganishwa nao, ingawa kwa sonona tofauti haikuonekana. Basi stadi si dawa ya kila kitu.

Karibu na kwetu, jijini Nairobi, wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili walifundishwa katika vikao 5 vya mpango wa Shirika la Afya Duniani. Walimu wao walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, si madaktari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa msongo wao ulipungua kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida.

Maswali manne ya nyumbani

Nasi tunaweza kuanza. Maswali yafuatayo tumeyatunga kwa kufuata stadi zilizofundishwa Nairobi. Si kipimo cha hospitali. Mwulizeni mgonjwa wenu kwa upole, mara moja kwa wiki:

1. Hofu ilipokujia, uliweza kupumua polepole mpaka mwili ukatulia?
2. Umechagua tatizo moja na kulichukulia hatua, hata ndogo?
3. Umerudia kazi au jambo ulilokuwa umeliacha?
4. Umemweleza mtu unayemwamini yaliyo moyoni?

Tuseme tembo wameingia shambani kwa mama mmoja wakamaliza mahindi. Mwezi mzima analia. Ukimwuliza kama bado ana huzuni, atasema ndiyo, nawe utadhani hakuna nafuu. Lakini wiki hii amekwenda kwa jirani kuomba mbegu, na jana ameshika jembe. Machozi hayajakauka, ila mstari wa kadi yake umeanza kupanda. Mwambieni mmeuona.

Maswali haya yasiwe fimbo. Asiyeweza wiki hii asiambiwe ni mvivu. Mtoto asiyeongezeka uzito hatumpigi, tunatafuta sababu.

Wakati wa kwenda hospitali

Anayesema anataka kujiua, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyeacha kula na kunywa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani. Asifungwe kamba. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amejifunza stadi. Viwili hivyo husaidiana.

Mkija kliniki, tuambieni na yale ambayo mgonjwa wenu ameanza kuyaweza. Nayo tutayaandika.