Makorongo ya Kinshasa: Mji Ukuao na Maji ya Mvua

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 mvua kubwa ilinyesha Kinshasa. Kulipopambazuka, vilima vya Mont-Ngafula na Ngaliema vilikuwa vimeporomoka mahali pengi, nyumba zimefunikwa pamoja na watu wake, na barabara kuu namba 1, iendayo bandari ya Matadi, imekatika. Waliokufa walipita 160, na Serikali ikatangaza siku 3 za matanga. Mnamo Aprili 2025 mto Ndjili nao ukafurika, ukaifunika njia ya uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 30 wakapotea.

Msiba kama huo ukifika, wengi husema: «Ni mapenzi ya Mungu.» Neno hilo husikika kama la uchaji, lakini mara nyingi ni kumsingizia Mwenyezi. Mungu huleta mvua. Naam, lakini ni nani aliyechimba barabara wima kutoka kileleni mpaka bondeni, bila mfereji hata mmoja? Ni nani aliyeuza kiwanja kando ya shimo? Tuyatazame mambo yenyewe, ndugu wasomaji, kabla ya kumshtaki Mbingu.

Vilima vya kusini ya Kinshasa ni vya mchanga. Zamani majani na miti iliyanywa maji ya mvua polepole, nayo mizizi ilishika udongo. Sasa tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita mraba 50 ikipata mvua ya milimita 60, paa lake humwaga lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Katika mtaa wa nyumba 100, maji hayo ni lita 300,000, bila kuhesabu yale yaliyoangukia nyua zilizofagiliwa hata zikawa ngumu kama saruji. Yote hukimbilia barabarani kwa saa moja au mbili. Barabara ya mchanga, iteremkayo kilima bila mfereji, itafanya nini? Itachimbwa. Mara ya kwanza ni ufa ambao watoto huuruka wakicheza. Mwaka wa pili gari haliwezi kupita tena. Baada ya miaka michache ni korongo liwezalo kumeza nyumba yenye ghorofa. Wenyeji huliita kwa neno la Kifaransa, «érosion», kama mtu atajavyo jina la adui.

Mwaka 2025 wataalamu wa Kongo na wa Ubelgiji walitangaza hesabu ya makorongo hayo, waliyoyatafuta kwa picha za satelaiti. Walikuta 2,922 katika miji 26 ya Kongo. Kinshasa peke yake ina 868, na urefu wake ukiunganishwa ni kilometa 221. Karibu yote yameungana na barabara. Kati ya mwaka 2004 na 2023 watu wapata 118,600 walihamishwa na makorongo katika nchi nzima, na mwaka 2023 watu milioni 3.2 walikuwa wakikaa mahali ambapo korongo laweza kufika. Mwaka 2010 waliokuwa katika hatari hiyo walikuwa nusu yao tu. Basi hatari haikui kwa sababu ya mvua peke yake. Yakua kwa sababu watu huifuata iliko.

Hata hivyo mvua nayo inabadilika. Hewa ikizidi joto kwa digrii 1, yaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo hushuka kwa nguvu. Moshi ulioipasha dunia joto haukutoka jikoni mwa akina mama wa Kisenso wala wa Selembao. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika katika barua yake Laudato Si', ya mwaka 2015, kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitenganiki. Majuma machache baada ya msiba ule wa 2022 alikuja mwenyewe Kinshasa. Lakini deni la mataifa tajiri, hata likilipwa lote, halitachimba mfereji mahali ambapo hakuna mtu aliyeamua mfereji upite wapi.

Kuamua mapema, ndiyo maana ya mpango wa mji. Katika miaka ya 1950 Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga mitaa mizima kama Bandalungwa na Matete, ikipima barabara na mifereji kwanza, nyumba baadaye. Wazee wengine huutamani wakati ule. Wasisahau kwamba utawala huohuo wa kikoloni ulitenga watu kwa rangi, ukaacha hata uwanja mtupu kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika! Tusichukue ubaguzi wao. Tuchukue desturi ya kupima kabla ya kujenga.

Mwaka 1960 Kinshasa ilikuwa na watu wapata 400,000. Hesabu ya watu ya mwaka 1984 iliwakuta milioni 2.6, na leo hukadiriwa kupita milioni 15. Sheria ya mwaka 1973 yasema udongo wote ni mali ya Serikali. Lakini viwanja vya vilimani huuzwa na machifu wa ukoo, na pengine mtumishi wa ofisi hutia muhuri juu yake. Mwaka 2014 ulikamilishwa mpango wa mji mzima, uitwao kwa kifupi SOSAK. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 500 kwa kazi iitwayo Kin Elenda. Karatasi, basi, hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya mnunuzi na kumwambia: «Hapa hapajengwi.» Tena awe na mahali pengine pa kumwonyesha, maana kumfukuza maskini bila kumpa kiwanja ni kumsukuma tu kwenye korongo lingine.

Kuliziba korongo moja lililokomaa mara nyingi hupita dola milioni 1. Kulizuia lisizaliwe ni mfereji wa mawe, barabara izungukayo kilima badala ya kukishuka wima, majani ya vetiver na mianzi kando, na pipa chini ya paa. Kulijaza takataka, kama wengi wafanyavyo, hakufai: maji huzichukua yote na kwenda kuziba mto kwa jirani wa chini.

Sisi wa mashariki tusiwacheke watu wa Kinshasa. Huko Bukavu, mtaa wa Funu umejengwa juu ya udongo uendao polepole kuteremka, na watu wapata 80,000 wanakaa juu yake. Wataalamu walilinganisha picha za ndege tangu miaka ya 1940 na zile za satelaiti. Mwaka 2022 walieleza kwamba palipojaa nyumba udongo umeongeza mwendo. Sababu mojawapo ni maji: ya mapaa, na ya mabomba yanayovuja chini, usiku na mchana, hata kiangazi. Bomba lililopasuka huko si hasara ya maji tu.

Yosefu kule Misri hakungoja njaa ndipo ajenge ghala. Kinshasa ina kiangazi chake, Juni mpaka Septemba, ambapo korongo halisogei hata hatua moja. Miezi hiyo ndiyo ya kuzibua mifereji na kupanda vetiver mwanzo wa mvua za kwanza; lakini mara nyingi miezi hiyo ndiyo watu husahau, na ofisi nazo husahau.

Na wewe, baba wa jamaa, unayeweka fedha ili upate kiwanja? Usiende kukitazama siku ya jua. Nenda mvua inaponyesha, pamoja na mke wako, kwani yeye ndiye atakayechota maji na kuanika nguo pale, naye ataona mengi usiyoyaona. Simameni muangalie maji yatoka wapi na yaenda wapi. Kisha mgonge hodi kwa jirani aliyekaa pale miaka mingi, mumwulize ukingo wa shimo ulikuwa wapi alipofika yeye. Akionyesha kwa kidole mahali ambapo sasa ni hewa tupu, rudini na fedha zenu nyumbani.