Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndio Ngoma: Baiskeli na Majeraha katika Milima ya Karagwe na Kyerwa

Asubuhi ya siku ya soko, katika njia zinazoshuka kuelekea Omurushaka au Nkwenda, huonekana vijana wenye baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi, magunia ya maharage au madumu. Mkungu mmoja huning'inia kila upande wa gurudumu la nyuma, na mwingine hulazwa juu ya keria. Penye mwinuko kijana huisukuma baiskeli kwa mikono yote miwili, jasho likimtoka. Akifika kileleni hupumzika kidogo, hupanda tandikoni, kisha huiachia iteremke. Ni katika dakika hizo chache za kuteremka ambapo majeraha mengi mabaya ya baiskeli hutokea.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zimelala juu ya migongo ya milima ambayo mingi hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Miamba ya huku ni mashuhuri kiasi kwamba wanajiolojia waliupa mfumo mzima wa miamba ya eneo hili jina la Karagwe na Ankole. Mwamba mgumu wa kwazaiti hubaki juu ukiwa kilele, na ule laini humomonyoka na kuwa bonde. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni miteremko mikali, kokoto zinazoteleza chini ya tairi, na udongo mwekundu unaogeuka utelezi mvua inaponyesha.

Kwingineko duniani, watu husafiri mbali na kulipa fedha ili waendeshe baiskeli katika njia za namna hii. Mchezo wa baiskeli za milimani ulikua katika miaka ya 1970 huko Marin, California. Kuanzia mwaka 1976 vijana wa huko walishindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Joto la breki liliunguza grisi yote ndani ya kitovu cha gurudumu, ikabidi wajaze nyingine kila baada ya mteremko mmoja. Kwa hiyo, miongoni mwa mambo ya awali waliyoyabadilisha katika baiskeli zao ni breki.

Baiskeli nyingi zinazobeba mizigo vijijini hazijapata mabadiliko hayo. Breki zake ni za fito za chuma zinazovuta vipande vya raba hadi vikasugua ringi. Raba ikilika, au ringi ikilowa maji, nguvu ya kuzuia hupungua sana. Tena breki hizo zilikusudiwa mtu mmoja, si mtu pamoja na mikungu mitatu.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hatari. Kitu kinachoteremka kimo cha mita 10 bila kuzuiwa na chochote hufikia mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Kimo hicho ni kidogo kuliko cha vilima vingi vya Kaisho au Nyaishozi. Msuguano wa njia na upepo hupunguza mwendo huo, lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili kusimama huongezeka mara nne.

Majeraha matatu yasiyopaswa kupuuzwa

La kwanza ni jeraha la kichwa. Aliyeanguka akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anayetapika mara kwa mara, anayelalamika kuwa kichwa kinazidi kuuma, anayechanganyikiwa, anayepata degedege, au anayetokwa na damu au majimaji masafi puani au masikioni, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Mboni za macho zisizolingana ukubwa ni ishara nyingine ya hatari. Asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono, wala asiketishwe kwenye keria ya baiskeli nyingine au kupakatwa kwenye pikipiki, kwa kuwa shingo nayo huenda imeumia. Alazwe juu ya machela au ubao, kichwa na shingo vikishikwa visiyumbe. Akitapika, ageuzwe ubavu, mwili wote kwa pamoja. Asipewe chakula, pombe wala dawa ya usingizi.

La pili ni pigo la usukani tumboni, ambalo huwapata zaidi watoto wanaojifunza kwa baiskeli za wakubwa. Ncha ya usukani huchoma tumbo kwa nguvu nyingi katika eneo dogo, na juu ya ngozi hubaki alama ndogo tu ya mviringo. Ndani, ini, kongosho, utumbo au bandama huweza kuwa vimepasuka. Katika mkoa wa Kagera, wenye historia ndefu ya malaria, jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. Malaria ya mara kwa mara huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka hata kwa pigo dogo. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa au hata siku. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, maumivu ya bega la kushoto yasiyo na sababu nyingine, weupe wa viganja na midomo, kizunguzungu na mapigo ya moyo ya haraka humaanisha kwamba huenda damu inavuja ndani. Mhudumu anayempokea mtoto aliyeanguka na baiskeli aulize swali moja kabla ya mengine: usukani ulimgonga wapi?

La tatu ni mguu kunaswa kwenye spoku. Mtoto aliyepakiwa nyuma huchovya kisigino katika gurudumu linalozunguka, nalo husaga ngozi na kuubana mguu dhidi ya chuma. Siku ya kwanza kidonda huweza kuonekana kidogo. Siku zinazofuata ngozi iliyopondwa hufa, ikawa nyeusi na kuchimbika, hasa nyuma ya kisigino penye nyama chache. Kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo ili achunguzwe kama mfupa umevunjika na kama amekamilisha chanjo ya pepopunda. Kisha kidonda kitazamwe tena baada ya siku mbili au tatu. Udongo, kinyesi cha ng'ombe au majani yaliyopondwa huingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda.

Mgonjwa na baiskeli

Pamoja na hayo yote, baiskeli ni rafiki wa afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Anayekwenda shambani kwa baiskeli kila siku hutimiza kiwango hicho bila kujua. Mwendo huo husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa aonane kwanza na mtoa huduma, kisha aanzie njia ya tambarare. Anayehisi kubanwa kifua akisukuma mzigo mlimani asimame na atafute matibabu. Anayetumia insulini abebe ndizi mbivu au sukari, maana mlima hutumia sukari ya mwili haraka. Mwenye kifafa asiendeshe mpaka tabibu wake amruhusu.

Mbele ya mteremko

Mwezi Septemba 2025, jirani kabisa, mjini Kigali, yalifanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Washiriki wote walivaa kofia ngumu. Sharti hilo liliwekwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki kwa jeraha la kichwa alipoanguka katika mashindano ya Paris–Nice. Hata waendeshaji hodari kuliko wote duniani walihitaji msiba ndipo wakubali.

Mwenye uwezo wa kununua kofia ngumu na anunue. Asiye nayo anazo kinga nyingine zisizo na gharama kubwa. Abadilishe raba za breki kabla hazijaisha; kipande cha raba ni rahisi kuliko mguu. Ajaribu breki zote mbili kileleni kabla ya kupanda. Afunge mzigo usiyumbe, na asipakie mtoto juu yake. Mvua ikinyesha, au mteremko ukiwa mkali na mzigo ni mzito, ashuke na kuiongoza baiskeli kwa mikono, kama alivyoisukuma wakati wa kupanda. Atachelewa sokoni kwa robo saa. Aliyevunjika paja huweza kukaa miezi bila kufika shambani, na nyumba nzima hukaa pamoja naye.